Kupunguza sukari nyumbani: mwongozo kamili kwa jiko la Lamu, kuanzia sufuria ya chai

Wengi huanza kwa nguvu. Siku ya kwanza mtu hunywa chai bila chembe ya sukari, uso umekunjamana. Siku ya nne amerudi kwenye vijiko vinne. Mwingine hushikilia chai bila sukari asubuhi, kisha adhuhuri anashusha glasi mbili za juisi ya ukwaju na jioni kaimati sita, na sukari dukani inanunuliwa kwa kasi ileile.

Makosa yanayorudiwa ni mawili: kukata kwa mkupuo, na kupunguza bila kupima. Humu tunafuata njia nyingine. Sukari inaondolewa kwanza pale isipoonekana, yaani ndani ya sufuria, jagi na unga, kisha inashuka kidogo kidogo hadi ulimi uzoee. Tenga wiki kumi hivi.

## Vitu vya kutayarisha

- Mizani ndogo ya jikoni. Ukiikosa, mwombe mwenye duka akupimie sukari mara moja kwa wiki.
- Kijiko kimoja cha chai, kilekile kila siku. Kikisawazishwa juu kwa kisu hubeba sukari ya gramu 4 hivi. Kikirundikwa hufika gramu 7 au zaidi. Ndiyo maana watu wawili husema "mimi natia viwili" na kumbe mmoja anakula karibu mara mbili ya mwenzake.
- Kopo lenye mfuniko la kuwekea sukari ya wiki moja tu. Mfuko uliobaki ukae mbali na meko.
- Bakuli dogo la sukari la kuweka mezani.
- Daftari na kalamu.
- Iliki, mdalasini wa vijiti, tangawizi mbichi na mchaichai ukipatikana.
- Mtungi au jagi la maji ya kunywa lisilokauka.

## Tahadhari kabla ya kuanza

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari mwilini, kama glibenclamide au gliclazide, asibadilishe ulaji wake ghafla kabla ya kuonana na daktari au muuguzi wa kliniki yake. Dozi ilipangwa kulingana na alivyokuwa akila. Sukari na chakula vikipungua na dawa ikabaki palepale, sukari ya damu inaweza kushuka mno.

Dalili zake ni kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ikitokea, hapo sukari ni dawa: mpe mara moja vijiko vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, mradi yu macho na anaweza kumeza, na afikishwe hospitali asipopata nafuu ndani ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

## Hatua ya 1: Pima wiki nzima bila kupunguza chochote

Jaza kopo sukari iliyopimwa, andika uzito na tarehe. Sukari yote ya nyumba itoke humo: ya chai, uji, juisi na mahamri. Baada ya siku saba pima iliyobaki.

Chukua iliyotumika, gawa kwa siku 7, kisha gawa kwa idadi ya watu. Nyumba ya watu watano iliyomaliza kilo mbili imekula gramu 57 kwa kila mtu kwa siku, sawa na vijiko 14. Hapo soda, biskuti na halua ya dukani bado hazijaingia. Ziandike kando.

Linganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, sukari isifike gramu 50, yaani vijiko 12 hivi, na ni bora zaidi ikibaki chini ya gramu 25, vijiko sita. Hesabu hiyo inajumuisha asali na sukari iliyomo kwenye juisi. Sukari ya tunda zima na ya maziwa haimo.

Wiki hii kila mtu ale kama kawaida. Ukipunguza sasa, utapata namba ya uongo na hutajua baadaye kama kweli umeshuka.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja daftarini na umegundua kitu ambacho hukukitarajia. Mara nyingi ni jagi la juisi.

## Hatua ya 2: Itoe sukari ndani ya sufuria ya chai

Hatua hii ndiyo inayobeba mwongozo wote, na ndiyo inayorukwa. Kwetu pwani chai hupikwa ikakolezwa sukari humohumo sufuriani, ikamiminwa kwenye chupa ya chai, na kila mmoja akanywa utamu alioupanga mpishi. Baba mwenye kisukari, mtoto wa miaka mitatu na kijana anayebeba mawe bandarini wote wananywa utamu mmoja. Hakuna anayeweza kupunguza chake.

Kuanzia wiki ya pili chai ipikwe bila sukari kabisa, na sukari ikae mezani kwenye bakuli dogo na kijiko chake. Kila mtu atie mwenyewe. Kiasi kisishuke bado. Kilichohama ni mahali pa kutilia.

Kwa mgeni, usione haya. Watu huogopa kuitwa wabakhili, na chai isiyo na utamu mbele ya mgeni inaonekana kama dharau. Weka bakuli karibu naye na useme: "Karibu chai, shangazi. Sukari hiyo hapo, tia upendavyo." Heshima imekamilika, na utashangaa ni wageni wangapi watatia kijiko kimoja.

Kinachoharibika: sukari haiyeyuki vizuri kwenye chai iliyopoa, inatuama chini, mtu anaona haijakolea na anaongeza. Chai imiminwe ikiwa moto na ikorogwe hadi chini ya kikombe.

## Hatua ya 3: Pika chai isiyodai sukari

Sukari nyingi ya chai huwekwa kufunika uchungu, na uchungu huo tunautengeneza wenyewe. Majani yakichemka robo saa, au chai ya jana ikipashwa tena, hutoa ukakasi unaoganda kwenye ulimi. Hapo vijiko vinne havitoshi.

Kwa vikombe sita fuata mpangilio huu:

1. Ponda iliki punje nne pamoja na maganda yake, kijiti kimoja cha mdalasini cha urefu wa kidole, na kipande cha tangawizi kinacholingana na ncha ya kidole gumba.
2. Vichemshe kwenye maji vikombe vitatu kwa dakika tano, sufuria ikiwa imefunikwa. Harufu ya iliki na mdalasini tumeizoea kwenye vitu vitamu, kwa hiyo ulimi huhesabu utamu ambao haumo.
3. Tia maziwa vikombe vitatu. Maziwa yana utamu wake wa asili na hulainisha ukakasi. Anayepika kwa maji mengi na maziwa kidogo ataona ugumu zaidi kupunguza sukari.
4. Yakianza kupanda, tia majani ya chai vijiko viwili. Dakika moja na nusu, mbili zikizidi, epua.
5. Chuja papo hapo. Usiache majani ndani ya chupa ya chai, kwa kuwa yanaendelea kutoa uchungu humo hadi adhuhuri.

Chai ya rangi huhitaji uangalifu zaidi kwa sababu haina maziwa ya kuficha kosa. Majani yasiguse moto: mimina maji yaliyochemka juu yake pamoja na mchaichai, funika dakika tatu, chuja.

Tangawizi isizidi. Ikiwasha koo, watu watarudi kwenye bakuli la sukari kutafuta cha kuipoza.

Utajua umefaulu ukionja chai kabla ya sukari na isikukunje uso.

## Hatua ya 4: Shusha kijiko kwa kalenda

Sasa ndiyo unapunguza. Anayetia vijiko vinne ashuke nusu kijiko kila siku nne hadi afike viwili. Kutoka viwili ashuke robo kijiko kila siku nne hadi kimoja. Safari yote ni siku 32.

Kasi inabadilika kwa sababu: kutoka vinne kwenda vitatu na nusu ni thumni tu ya utamu, hauhisi sana. Kutoka viwili kwenda kimoja na nusu ni robo nzima, na ulimi unagutuka. Watu wengi hukwama hapo kwenye viwili, wakadhani hawana nia, kumbe ni hatua iliyokuwa ndefu mno.

Anayetaka kufika sifuri aendelee robo kwa robo. Anayeona kijiko kimoja kinamfaa abaki nacho. Kutoka vinne hadi kimoja kwa vikombe vinne kwa siku ni gramu 48 alizoziacha.

Usiache chai yenyewe. Aliyeizoea akiikata ghafla huumwa kichwa siku mbili tatu kwa kukosa kafeini, kisha lawama huangukia ukosefu wa sukari.

Asali na sukari guru zisichukue nafasi ya sukari kwa matumaini kwamba hazihesabiki. Zina ladha nzuri, ila mwilini ni sukari, na ziko kwenye hesabu ileile. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa hofu ya sumu ya bakteria ambayo tumbo lake haliwezi kuizuia. Vitamu bandia navyo havimalizi kazi: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Hapa kuna sababu ya ziada, kwamba vinauacha ulimi ukidai utamu uleule.

## Hatua ya 5: Jagi la juisi

Kaskazi ikipamba moto, watu hunywa juisi kwa kiu, na hapo ndipo sukari nyingi hupita bila kutafunwa. Hesabu jagi la kawaida la ukwaju: maji lita 2, ukwaju robo kilo, sukari robo kilo. Linatoa glasi nane, kila moja gramu 31, karibu vijiko vinane. Soda ya kola ya mililita 300 ina kiasi hichohicho. Ile ya nusu lita ina gramu 53 hivi, vijiko 13.

Anayepunguza sukari peke yake kwenye ukwaju atashindwa, na lazima ashindwe. Ukali ndio unaodai sukari. Punguza vyote viwili pamoja, kila wiki kiasi kimoja, kwa jagi la lita 2:

- Wiki ya kwanza: ukwaju gramu 200, sukari gramu 180.
- Wiki ya pili: ukwaju gramu 150, sukari gramu 110.
- Wiki ya tatu na kuendelea: ukwaju gramu 100, sukari gramu 60.

Glasi ya mwisho ina gramu 7.5, chini ya vijiko viwili. Ni nyepesi, inakata kiu, na haiachi kinywa kikinata. Chembe ya chumvi, ile inayoshikika kwa ncha za vidole viwili, hupunguza uchungu na kuukuza utamu uliopo. Isizidi hapo.

Ndimu ni hivyohivyo: tatu kwa lita 2 badala ya nane. Chovya kipande chembamba cha ganda la kijani kwa dakika kumi kisha ukitoe. Harufu ya ndimu inatoka kwenye ganda, ukali unatoka kwenye maji yake, na wewe unataka harufu.

Onja kabla ya kutia barafu. Ubaridi mkali unaupooza ulimi, na juisi iliyokolea sawasawa huonekana haina kitu. Anayeonja kutoka kwenye friji huongeza sukari isiyohitajika.

Embe bivu, iwe ngowe, dodo au boribo, halihitaji sukari hata punje. Inatiwa kwa sababu tunda halijaiva. Lisubiri siku mbili, au bora zaidi ulile zima kwa kisu na mkono: nyuzi zake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na moja linashibisha. Kwenye glasi ya juisi huingia mawili na bado una njaa.

Kwa kiu, tangulia maji ya mtungi. Kunywa glasi nzima, subiri dakika kumi, kisha uamue kama bado unataka juisi. Dafu lina sukari yake ya asili, pungufu ya nusu ya ile iliyomo kwenye soda ya ujazo uleule, kwa hiyo linafaa mchana mmojammoja lakini si mbadala wa maji.

## Hatua ya 6: Mahamri

Kilo moja ya unga wa ngano hutiwa sukari robo kilo katika nyumba nyingi. Ukitoa mahamri 40, kila moja lina gramu 6. Mtu hali moja.

Shuka mara tatu, mapishi manne kila daraja: gramu 200, 150, kisha 100. Ukifika mwisho kila hamri lina gramu 2.5. Ukiandaa na mbaazi za nazi, hakuna atakayeuliza, maana tui limeshabeba utamu wa mlo.

Mambo matatu yatabadilika na ni vyema uyatarajie.

Kwanza, unga utaumuka mapema. Sukari nyingi huinyonya maji hamira na kuichelewesha. Ukiuacha muda uleule uliouzoea, utapitiliza, unuke uchachu, na mahamri yalale. Angalia unga, si saa: ukifika mara mbili ya ulivyokuwa, sukuma. Hamira yenyewe haihitaji sukari ili kufanya kazi, inajipatia kwenye unga.

Pili, rangi itakuja polepole, kwa kuwa sukari ndiyo iliyokuwa inakimbilia kuwa hudhurungi. Usiongeze moto. Hamri la sukari kidogo likiwa na rangi ya ngozi ya tende changa na limevimba tumboni, limeiva. Ukisubiri weusi ule wa zamani utalikausha.

Tatu, yaliyolala yatakuwa makavu zaidi, kwani sukari hushika unyevu. Kandia tui zito la kwanza, na ongeza iliki hadi kijiko kikubwa kimoja cha unga wake. Yakipoa, yafunike kwa kitambaa.

Mkate wa sinia unakubali kupunguzwa hadi nusu ya sukari iliyozoeleka. Ukivuka hapo unakauka na kukosa rangi, kwa hiyo baki kwenye nusu na ukate vipande vyembamba. Asubuhi moja moja badilisha kabisa: mkate wa mofa kwa samaki, au viazi vitamu vya kuchemsha.

## Hatua ya 7: Kaimati, halua na vya watoto

Unga wa kaimati hauna tatizo, tatizo ni shira. Usizigeuze ndani ya sufuria ya shira hadi zikavaa koti la sukari. Ziweke kwenye sinia, na uzinyunyizie shira kwa kijiko zikiwa moto, nusu ya kiasi ulichozoea. Iwe nyepesi, ya iliki na tone la ndimu. Shira nzito hung'ang'ania.

Halua haipunguziki kwa mapishi, kwa kuwa sukari ndiyo mwili wake, ukiitoa, haigandi. Punguza kipande. Kahawa chungu haikuhitaji sukari tangu mwanzo, na kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha finjani mbili.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari ya kuongezwa popote. Uji wake uwe na ndizi mbivu iliyopondwa au tui. Kwa wakubwa, mabuyu na peremende visiwe zawadi ya kunyamazisha kilio. Panga siku mbili za wiki zinazojulikana, na siku nyingine jibu liwe jepesi: "Ijumaa, mwanangu."

## Hatua ya 8: Vya dukani

Geuza pakiti usome kiasi cha sukari kwa gramu 100, gawa kwa 4 upate vijiko. Kwenye orodha ya viungo, majina mengi yanayoishia na herufi "ose" ni sukari. Yakiwa mawili au matatu kwenye pakiti moja, irudishe rafuni.

Vinavyodanganya zaidi ni sosi ya nyanya, ambayo kijiko kikubwa kimoja kina karibu kijiko cha chai cha sukari, na mtindi wenye ladha za matunda. Nunua maziwa lala, tia embe mwenyewe.

## Ramadhani

Futari ndiyo hupindua kazi ya miezi. Tambi za sukari, vitumbua, vibibi, kaimati na juisi mbili hukutana mkekani usiku mmoja. Panga kitamu kimoja kwa usiku, vingine viwe vya chumvi, na jagi liwe lile la gramu 60. Fungua kwa tende tatu na maji, kaa dakika chache ukisali, kisha urudi kula. Utamu wa tende utakuwa umeshatuliza ile hamu iliyokuwa ikikusukuma kwenye sinia.

## Ukikwama

Kopo limeisha siku ya tano. Usilijaze kimya kimya. Andika, ongeza kinachohitajika, na utafute ilikotoka. Kwa kawaida ni juisi ya wageni au mapishi mawili ya mahamri.

Njaa inabana saa kumi alasiri. Mlo wa mchana ulikosa maharage, samaki au mboga za kutosha. Kula korosho ngumi moja au yai, na kesho ongeza kitoweo.

Mmoja nyumbani anagoma. Mwache na bakuli lake. Ilimradi sufuria haina sukari, hawaharibii wengine.

Umekula harusini hadi ukashiba vitamu. Siku inayofuata rudi kwenye kijiko ulichokuwa nacho, usishuke zaidi kujiadhibu.

Wiki ya kumi rudia kipimo cha hatua ya kwanza, kopo lilelile, mizani ileile. Nyumba ya watu watano iliyoanza na kilo mbili ikiwa sasa inatumia gramu 875 kwa wiki, imefika gramu 25 kwa kila mtu. Kisha pika kikombe kimoja cha chai kwa vijiko vyako vinne vya zamani, vilivyosawazishwa, na uonje. Ukishindwa kukimaliza, ulimi umeshahama.